Kichanga na barabara ndefu: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtoto hajafika mwaka, safari ni ya kutwa nzima, tufanyeje? Wengi mnaelekea nyanda za juu kusini, kwa hiyo mifano mingi hapa ni ya barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita 830 hivi kupitia Morogoro, Mikumi, Iringa na Makambako. Kwa basi panga saa 13 au 14, kisha uongeze akiba ya saa 6, kwa sababu lori moja likikwama Mlima Kitonga foleni yake inaweza kula nusu ya siku. Chakula cha mtoto na pampasi zake vihesabiwe kwa saa 20, si kwa ratiba iliyoandikwa kwenye tiketi.

Nina mtoto wa miezi 4, ananyonya tu. Mwezi ujao nakwenda Mbeya kwa basi, mimi na yeye peke yetu. Nikate siti ipi, na nibebe nini bila kujitwisha mzigo? (Msomaji, Kimara)

Dada, kata tiketi mapema ili uchague siti, usipangiwe. Unayoitaka ni ya katikati ya basi, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, upande wa dirishani. Siti za nyuma kabisa ziko nje ya matairi, ndiyo maana kila tuta linarusha abiria. Mstari wa kwanza nao hauna kitu mbele yake zaidi ya kioo. Ukikaa upande wa korido, mizigo ya watu na vikombe vya chai ya moto vitapita juu ya kichwa cha mtoto siku nzima.

Upande wa kulia au wa kushoto? Angalia mwezi wa safari. Barabara ya Mbeya inaelekea magharibi na kusini-magharibi. Juni na Julai jua liko kaskazini, kwa hiyo wanaochomwa ni wa kulia. Desemba na Januari liko kusini, wanachomwa wa kushoto. Wakati wa kurudi, geuza. Anayekwenda Moshi au Arusha ana hesabu nyingine: kuanzia Chalinze basi linapanda kaskazini, jua la asubuhi linapiga kulia na la alasiri linapiga kushoto. Kwa kuwa saa za jua kali zaidi ni za mchana kuelekea alasiri, huko chagua kulia.

Mtoto akae kifuani kwako ndani ya mbeleko, si mgongoni na si mapajani bila kitu. Uso wake uuone muda wote, pua iwe wazi, na kidevu kisigandamane na kifua, kwa sababu shingo ya mtoto wa umri huo ikikunjwa mbele njia ya hewa inabanwa bila yeye kutoa sauti. Kama siti ina mkanda, ufunge nyongani mwako chini ya mtoto. Usiuzungushe juu yenu wawili: gari likifunga breki kwa nguvu, uzito wako wote utamkandamiza yeye kwenye mkanda. Ukimudu nauli ya siti 2, ya pili iwe ya begi na ya kupumzisha mikono, lakini usimlaze mtoto juu yake basi likitembea. Breki moja inatosha kumdondosha.

Begi la mtoto likae miguuni pako. Kilicho kwenye buti kihesabu kama umekiacha nyumbani, maana buti hufunguliwa kondakta anapotaka. Weka pampasi 10 (moja kila saa 2 hadi 3, pamoja na za akiba), vitambaa vya majimaji pakiti 1, kanga 3, nguo 3 kamili za mtoto na blauzi 1 yako, kofia, soksi na sweta. Sweta si anasa. Utatoka kwenye joto la Dar, utapita joto kali zaidi la bonde la Ruaha Mbuyuni, na jioni utashuka Makambako au Mbeya, ambako Juni na Julai watu wanatembea na makoti. Mvalishe nguo nyepesi zinazopandana, uzivue na kuziongeza njiani. Kujua kama ana joto au baridi, pima kwa kiganja nyuma ya shingo au kifuani. Mikono na miguu ya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa sawa. Kwa pampasi chafu usitegemee mfuko wa plastiki, maana ile ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Kindoo kidogo chenye mfuniko kinafunga harufu vizuri na baadaye kinafaa kufulia.

Kunyonya: mnyonyeshe kila anapotaka, na maji usimpe hata joto liwe kali vipi. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Kijiko cha maji ya njiani kinamletea tumbo la kuhara tu. Anayehitaji maji ni wewe. Akina mama wengi hujinyima kunywa ili wasisumbuke na kuchimba dawa, wakifika wana kizunguzungu na kichwa kinawagonga. Kunywa kidogo kidogo, lita 2 hadi 3 kwa siku hiyo.

Basi likisimama kwa chakula, mara nyingi unapewa dakika 20 tu. Watu wakishuka, baki kwanza umbadilishe mtoto kwenye siti basi likiwa limetulia, ndipo ushuke. Chooni nenda naye mgongoni kwa mbeleko. Usimwachie jirani wa siti, hata kama mmezungumza vizuri tangu Mbezi.

Mdogo wangu aliyeko Uingereza ametuletea siti ya gari ya mtoto. Ilishatumika. Mtoto ana miezi 5, gari letu ni Toyota IST. Tunaifungaje, na je, tunaweza kwenda Mbeya moja kwa moja siku moja? (Baba wa mtoto, Tabata)

Kaka, kwanza hakikisha siti yenyewe inafaa. Igeuze utafute lebo ya rangi ya chungwa yenye R44 au R129. Hiyo ni alama ya viwango vya Ulaya. Tafuta na tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi kwenye plastiki ya chini. Plastiki huchoka kwa jua na kwa miaka, na watengenezaji wengi huipa miaka 6 hadi 10. Muulize mdogo wako swali moja bila kumwonea haya: iliwahi kuwa ndani ya gari lililogongwa? Kama ndiyo, haifai hata kama huoni ufa. Mikanda yake ikichafuka isifuliwe kwa jiki, maana jiki inalegeza nyuzi.

Siti ifungwe nyuma, mtoto akitazama nyuma ya gari, na aendelee hivyo angalau hadi miezi 15. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote na shingo bado laini. Gari likigonga mbele, aliyetazama nyuma anapokelewa mgongo na kichwa kwa pamoja na ganda la siti. Aliyetazama mbele kichwa kinatupwa na shingo ndiyo inayobeba kila kitu. Usiifunge kamwe kwenye kiti cha mbele chenye eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) inayofanya kazi, kwa sababu inapofumuka inapiga mgongo wa siti ya mtoto, palepale kichwa chake kilipo.

Kwa gari dogo kama IST mahali pazuri ni nyuma ya abiria wa mbele, yaani upande wa kushoto. Kwetu tunaendesha kushoto, hivyo mlango huo unafungukia pembeni mwa barabara na si kwenye malori. Siti nyingi za watoto wa umri huu hushikwa kwa mkanda wa kawaida wa gari wa pointi 3. Fuata alama za bluu: kipande cha nyonga kinapita juu, pale miguu ya mtoto inapokaa, na kipande cha bega kinazunguka mgongo wa siti. Kandamiza siti kwa mkono mmoja kwa nguvu huku ukivuta mkanda kwa mwingine hadi ulegevu uishe. Kisha ishike pale mkanda unapopita uitikise: ikisogea zaidi ya sentimita 2.5, rudia. Kosa tunalolisikia mara nyingi ni mkanda wa gari kuwa mfupi usifike kwenye kufuli. Ukikutana nalo, siti hiyo na kiti hicho havipatani. Jaribu kiti kingine cha gari au siti nyingine, usiunganishe mkanda kwa fundi cherehani.

Mlalo wake: kama kichwa cha mtoto kinaangukia mbele akisinzia, siti imesimama mno. Taulo lililokunjwa likiwekwa kwenye mfereji kati ya mkalio na mgongo wa kiti cha gari litainua upande wa miguu na siti italala zaidi, ikiwa maelekezo ya siti yenyewe yanaruhusu. Mikanda ya ndani itoke usawa wa mabega yake au chini kidogo, na ikaze kiasi kwamba ukijaribu kuibana kwa vidole viwili begani, hupati mkunjo. Asivae sweta zito chini ya mikanda. Akihisi baridi, mfunike kitenge juu ya mikanda iliyokwisha kukazwa. Mito ya kichwa inayouzwa mitaani peke yake, ambayo haikuja na siti, iacheni.

Sasa safari. Kwenda Mbeya siku moja na mtoto wa miezi 5 kwenye siti hatushauri. Kukaa ndani yake kusizidi saa 2 mfululizo, na kwa aliye chini ya miezi 3 punguza hadi saa 1 au saa na nusu, kwa sababu mtoto aliyekaa kwa mlalo huo anapumua kwa kazi zaidi ya aliyelala chali. Kusimama maana yake ni kumtoa, kumlaza kwenye mkeka kivulini dakika 15 au 20, anyooshe miguu, anyonye, abadilishwe. Hakuna kumnyonyesha gari likitembea, wala kumwegemezea chupa mdomoni kwa mto.

Ukizifuata saa hizo, na ukiheshimu vibao vya 50 vijijini, wastani wako utakuwa kilomita 50 hadi 60 kwa saa. Dar hadi Iringa, kama kilomita 500, ni siku nzima. Laleni Iringa. Ondokeni saa 11 alfajiri mtoto akiwa bado na usingizi. Simameni Chalinze (kilomita 110), kisha Morogoro (195). Kutoka hapo msisubiri alie: mnyonyesheni na mumbadilishe Melela au Doma, kwa sababu mbele kuna karibu kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Humo mwendo ni wa taratibu, na si mahali pa kushuka na mtoto. Mkitoka hifadhini mnapumzika Mikumi mjini, halafu Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, halafu Ilula baada ya kumaliza Kitonga. Siku ya pili, Mafinga, Makambako na Chimala zinatosha.

Joto la gari lililozimwa ndilo la kuogopa kuliko vumbi. Juani, ndani ya gari lililofungwa, joto hupanda nyuzi 10 hivi kwa dakika 10 za kwanza, na karibu 20 kwa nusu saa. Kushusha kioo kidogo hakusaidii kitu. Mtoto asibaki garini hata kwa kulipia mafuta. Na ile tabia ya kufunika siti kwa kanga ili alale vizuri inazuia hewa na kulundika joto ndani. Weka kizuizi cha jua kwenye kioo cha dirisha, siti iache wazi. Kabla ya kumrudisha, gusa chuma cha kufuli kwa mkono wako, kwani kikishinda juani kinaunguza ngozi.

Mjukuu wangu ana miezi 7. Mama yake anaogopa atalia njia nzima na kukera abiria. Watu wanasema apewe dawa ya mafua kidogo ili alale. Zamani tulifanya hivyo. Je, ni salama? (Bibi, Korogwe)

Shikamoo Bibi. Tunashukuru umeuliza kabla ya safari, maana hapa hatuna jibu la katikati: asipewe.

Dawa zinazokusudiwa ni zile za mzio na mafua zenye usingizi ndani yake, kama Piriton na Phenergan. Zinafanya kazi kwenye ubongo, na kwa mtoto mdogo hazishii kwenye usingizi, zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua. Phenergan hairuhusiwi kabisa chini ya miaka 2. Weka juu yake mtoto aliyekunjamana kwenye mbeleko, joto la basi na usiku ambao hakuna anayemwangalia uso, uone hatari inavyojazana. Wengine dawa huwageuka, badala ya kulala wanachangamka na kulia zaidi. Na kuna jambo moja zaidi: mtoto aliyelazwa kwa dawa haamki kunyonya, haonyeshi kiu wala homa, kwa hiyo mnapoteza ishara zote za kuwaambia kuna tatizo. Vivyo hivyo kwa maji ya mchango ya chupa yasiyojulikana yalimo, na pombe ya kupaka kwenye fizi.

Mtoto analia kwa njaa, pampasi, joto, hewa tumboni, usingizi uliokatishwa au kuchoka kukaa. Mpitieni kwa mpangilio huo. Mvueni nguo moja, mnyonyesheni, mcheulisheni kwa kumsimamisha begani na kumpapasa mgongo, mtembezeni koridoni basi likisimama. Kabla ya kuondoka asicheleweshwe kulala kwa makusudi ili “achoke”. Mtoto aliyechoka kupita kiasi ndiye anayelia zaidi. Abiria watavumilia, Bibi. Karibu kila aliye ndani ya basi amelea au analea.

Mwanangu wa miezi 3 anatumia maziwa ya kopo. Nichanganye nyumbani chupa zote niweke kwenye begi? (Msomaji, Mbagala)

Usichanganye mapema. Unga wa maziwa si kitu kisicho na vijidudu, na maziwa yaliyochanganywa yakikaa kwenye uvuguvugu wa begi ni shamba lao. Yakikwisha kuchanganywa mpe ndani ya saa 2, na yaliyobaki kwenye chupa aliyokwisha kuinyonya yamwage saa 1 baada ya kuanza.

Mtoto wa kilo 6 anahitaji kama ml 900 kwa siku, yaani ml 150 kwa kila mlo wa chupa. Kwa safari ya Mbeya ni milo 4, beba ya 7. Pima unga kwa kijiko cha kopo lako (makopo mengi ni kijiko 1 kwa ml 30 za maji, kwa hiyo vijiko 5, soma la kwako) na uweke kila mlo kwenye kikopo chake kidogo kikavu chenye mfuniko. Chupa zichemshwe na zibebwe zikiwa tupu na zimefungwa. Maji yakitokota yatie kwenye chupa ya chai uliyoisuuza kwa maji ya moto, uijaze hadi juu, maana iliyojaa nusu inapoa haraka.

Wakati wa kulisha, maji yatangulie kwenye chupa, unga ufuate. Maji yawe bado ya moto sana, nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu moto huo ndio unaoua vijidudu vya kwenye unga. Funga, tikisa, kisha poza kwa kuizamisha chupa kwenye kikombe kikubwa cha maji baridi au kuizungushia kitambaa kilicholowa. Dondosha matone mkononi, ndani ya kifundo. Yawe vuguvugu tu. Chupa moja ya lita haitoshi siku nzima na joto lake linashuka, kwa hiyo ijaze upya kwenye hoteli mnaposimama, ila yaone maji yakitokota kwa macho yako. Usiongeze maji ili kopo lifike mbali: maziwa mepesi yanamkosesha lishe na kuvuruga chumvi mwilini.

Kwa wanaokamua: maziwa ya mama yanakaa saa 4 kwenye nyuzi 25, lakini ndani ya basi la mchana joto ni zaidi ya hapo, yahesabu saa 1 au 2. Kwenye deli yenye barafu zilizoganda kweli yanafika saa 24, mradi deli isifunguliwe ovyo.

Mtoto wa miezi 9 anakula. Nimpe nini njiani? (Msomaji, Chanika)

Vyakula vyenye ganda lake: ndizi mbivu, parachichi, chungwa unalolimenya mwenyewe kwa mikono iliyonawa. Maziwa yako yabaki chakula kikuu siku hiyo. Uji unaweza kubebwa kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, uingie ukichemka, na ukifungua lazima uwe bado wa kuunguza. Ukiwa vuguvugu umeshaharibika hata kama hauna harufu. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja. Karanga, bisi na mahindi ya kuchoma hapana, yanapalia, na ndani ya basi linaloyumba ni vigumu kumsaidia aliyepaliwa. Mishkaki na juisi za madirishani ni za wakubwa. Maji ya kunywa, yaliyochemshwa au ya chupa yenye lakiri nzima, kidogo kidogo kwa kikombe.

Tukipanda Kitonga mtoto wa miezi 6 analia sana na kutapika. Ni kichefuchefu cha gari? Nimpe dawa? (Msomaji, Iringa)

Kichefuchefu cha gari ni nadra chini ya miaka 2. Kilio cha Kitonga mara nyingi ni masikio. Kutoka bonde la Ruaha hadi Iringa, ambako ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, msukumo wa hewa unabadilika haraka, na mtoto hajui kupiga miayo kwa makusudi. Kumeza ndiko kunakofungua. Mnyonyeshe kidogo tu, au mpe chuchu ya bandia, wakati wa kupanda na hasa wa kushuka, kwa sababu kushuka kunauma zaidi. Mtoto mwenye mafua mazito ataumia kuliko wengine.

Kutapika kunatokana na tumbo lililojaa. Mlishe ashibe Ruaha Mbuyuni, umcheulishe, mkae nusu saa kabla ya kuanza kona, na umshike wima. Dawa za kichefuchefu za madukani si zake. Matapishi ya kijani, yenye damu, au ya kila anachomeza ni jambo la hospitali, si la barabara.

Nimejifungua kwa upasuaji wiki 3 zilizopita Dar. Mama mkwe anataka nipeleke mtoto Same nikapumzikie kwake. (Msomaji, Ubungo)

Mdogo wetu, kama hakuna ulazima, subiri wiki 6. Hoja ya kwanza ni wewe. Baada ya upasuaji damu huganda kwa urahisi, na kukaa saa nyingi miguu ikining’inia kunaongeza hatari hiyo. Mahudhurio ya baada ya kujifungua yapo pia siku ya 28 na ya 42, na chanjo za wiki 6 zinaangukia hapohapo. Ukitoka kliniki ya siku ya 42 na kadi imejazwa, mtoto atakwenda akiwa ameanza kinga ya kuhara kwa rota, nimonia na kifaduro. Mama mkwe akielezwa hivyo, na arobaini nayo ikiwa imekwisha, tunaamini ataelewa.

Ukilazimika, chukua gari dogo badala ya basi, mkisimama kila saa utembee dakika 10. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Akipata homa njiani nifanye nini? Nibebe dawa gani? (Msomaji, Mbezi)

Beba kadi ya kliniki, kipimajoto, parasetamoli ya maji, ORS pakiti 3 na vidonge vya zinki. Siku chache kabla, pima uzito wa mtoto, maana dozi inafuata kilo. Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo. Mtoto wa kilo 8 anafikia miligramu 120, ambayo ni ml 5 za dawa iliyoandikwa miligramu 120 kwa ml 5. Zipite saa 6 kabla ya kurudia, na zisizidi mara 4 kwa siku. Mpime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Chini ya miezi 3, joto la 38 au zaidi si la kutuliza kwa dawa, ni la kushuka na kwenda hospitali.

Akiharisha, koroga ORS kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti (nyingi ni lita 1), umpe ml 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, kwa kijiko au kikombe, na uendelee kunyonyesha. Zinki ni nusu kidonge cha miligramu 20 kwa siku chini ya miezi 6, kidonge kizima kuanzia miezi 6, kwa siku 10 hata choo kikishakuwa kizuri. ORS iliyokorogwa ikivuka saa 24, imwage.

Mwambie kondakta asimamishe bila kuona aibu ikiwa mtoto hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, anapumua haraka au mbavu zinabonyea, utosi umebonyea au umevimba, au amepata degedege. Degedege: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimmwagie maji, angalia saa. Njia hii ina hospitali kwa hatua: Tumbi pale Kibaha, ya rufaa ya mkoa Morogoro, Mtakatifu Kizito Mikumi, ya Kilutheri Ilula, ya rufaa ya mkoa Iringa, ya Mafinga, ya misheni Chimala, kisha Mbeya. Ukijua umepita ipi na inayofuata ni ipi, utaamua haraka.

Mbu nao wahesabiwe. Chandarua kibebwe cha kulalia popote mtakapolala. Dawa ya kupaka yenye DEET isitumike chini ya miezi 2, na ya kuchoma isiwashwe ndani ya gari. Homa ikija kati ya wiki moja na mwezi baada ya safari, mtoto apimwe malaria, na mwambie mhudumu mlipita wapi. Hasa anayekulia Mbeya au Arusha mjini, kisha akashuka pwani, mwili wake haujaizoea.

Nairobi hadi Mombasa na mtoto wa miezi 2: basi la usiku au la mchana? (Msomaji, Kasarani)

Wala si basi, kama tiketi ya treni inapatikana. Madaraka Express inatoka Syokimau hadi Miritini kwa saa 5 hadi 6, unaweza kusimama na kutembea na mtoto, na kuna choo. Fika saa 1 kabla kwa sababu ya ukaguzi wa mizigo, na upange usafiri wa kutoka Miritini kuingia mjini, maana ni mbali na kisiwa. Ikibidi barabara, kilomita 480 zile ni za malori usiku kucha. Nenda mchana, uondoke mapema asubuhi, na Mtito Andei iwe kituo chako kikuu, kwa kuwa iko karibu na nusu ya njia. Maziwa ya kopo na chupa ya maji moto viwe kwenye begi la mkononi wakati wa ukaguzi, na umwambie mlinzi mapema kwamba ni vya mtoto.